Kompyuta ya Machomane: dawa tatu zilizozidisha ugonjwa wa ovakloki

Kompyuta yenyewe ipo Machomane, Chake Chake, katika chumba cha mbele cha nyumba ya kuishi, na kazi yake ni kuhariri video za harusi. Prosesa ni Core i7-8700K, ile ya Intel iliyotoka mwaka 2017, yenye kori 6 na thredi 12. Madabodi ni ya chipseti ya Z370, RAM ni vijiti 2 vya GB 8 vya DDR4-3200, kadi ya video ni GTX 1060, pawa saplai ni ya wati 550, na juu ya prosesa imekaa hitisinki ya mnara yenye feni moja ya milimita 120. Ilinunuliwa mkononi, ikaja tayari imeovaklokiwa, yaani imepandishwa mwendo kuliko ule wa kiwandani: kori zote 4.9 GHz, volti 1.36 zimefungwa ndani ya BIOS, programu ya madabodi inayoiwasha mashine. Kipindi chote cha Kusi ilirenda, yaani ilitoa video zilizokamilika, bila ya kero. Kaskazi ilipoingia na chumba kikawa na joto la digrii 31 na 32 hata usiku, ikaanza kufa katikati ya kazi.

Mwenyewe hakukaa kimya. Kwanza alifuta Windows akaiweka upya. Ilipokufa tena, alivitoa vijiti vya RAM akavihamishia nafasi nyengine. Mara ya tatu alinunua UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika) ya VA 650 na kuichomeka kompyuta humo, kwa kuamini kwamba umeme ndio unaocheza. Baada ya yote hayo hali ikawa mbaya zaidi: mwanzo ilikuwa skrini ya bluu mara mbili kwa wiki, sasa mashine inazimika papo hapo bila ya onyo, na baadhi ya video zilizokamilika zinatoka na vipande vya kijani juu ya sura za watu. Ushauri wa mwisho alioupata ni kupandisha volti hadi 1.40. Hapo ndipo ilipofaa kusimama, na kwa bahati alisimama.

Kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu kila dawa iliyotangulia uchunguzi iliongeza ugonjwa wake. Kosa la asili lilikuwa moja. Kufikia siku ya uchunguzi yalikuwa matatu, na yote yalikuwa yakisemwa kwa neno moja: "inazima".

Kusoma vifo kabla ya kugusa chochote

Mashine inayozima huacha maandishi. Kwenye Event Viewer ya Windows, upande wa System, kila kuzimika kusiko kwa kawaida huandikwa Kernel-Power namba 41. Wengi huishia hapo wakasema "pawa mbovu", kwa kuwa wameliona neno Power. Namba 41 haisemi hivyo. Inasema tu kwamba Windows ilikatika bila ya kufungwa. Habari yenyewe imo ndani, kwenye mstari wa BugcheckCode. Ukikuta 0, hapakuwa na skrini ya bluu; aghlabu umeme ulikatika, au mashine iliganda na mtu akabonyeza swichi. Ukikuta 292, hiyo ni 0x124 iliyoandikwa kwa hesabu ya kawaida, yaani WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR: prosesa yenyewe imekiri kosa isiloweza kulirekebisha. Ukikuta 26, ni 0x1A, MEMORY_MANAGEMENT.

Kwenye mashine hii palikuwa na matukio 14. Yalipopangwa kwa tarehe na kuwekwa kando ya tarehe za dawa, mambo yalijieleza. Kutoka Windows ilipowekwa upya hadi RAM ilipohamishwa: matukio 3, yote 292. Kutoka RAM ilipohamishwa hadi UPS ilipokuja: 292 mara 3 na 26 mara 2, na video za vipande vya kijani zilianza wiki hiyo hiyo. Baada ya UPS: 0 mara 6, na kila moja kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Rekodi ya wiki za kabla ya hapo haikuwepo tena, kwa sababu kufuta Windows kuliifuta nayo. Hiyo ndiyo hasara ya dawa ya kwanza, na hasara yake ya pili tutaifikia mbele.

Jambo dogo la kufanya mwanzo kabisa: kwenye Startup and Recovery ondoa alama ya mashine kujiwasha upya yenyewe, ili skrini ya bluu ibaki mbele ya macho mpaka usome namba.

Kurudi kiwandani, kikweli

Hatua ya kwanza ya mikono ni kuirudisha BIOS kwenye hali ya asili. Hapa pana mtego. Madabodi nyingi za Z370 zina kitu kinachoitwa Multi-Core Enhancement, au jina linalofanana na hilo, ambacho huzipandisha kori zote hadi 4.7 GHz hata mtu hajagusa chochote. Kiwanda cha Intel hakikusema hivyo: 4.7 ni ya kori moja inapofanya kazi peke yake. Kori 6 zikibeba mzigo pamoja, mwendo ni 4.3 GHz. Kwa hiyo baada ya kuchagua hali ya asili, kizime hicho kwa mkono, kisha hakikisha kwa HWiNFO, programu ya kusoma joto, volti na mwendo, kwamba kori zote zikiwa kazini zinasoma 43 kwenye kizidishi, yaani 4.3 GHz. XMP ya RAM, mpangilio ulioandikwa ndani ya kijiti unaoipandisha hadi 3200, nayo izimwe. Watu huichukulia XMP kama haki ya kijiti, lakini prosesa hii imeidhinishwa na Intel kwa DDR4-2666 tu. Chochote cha juu ya hapo ni ovakloki.

Katika hali hiyo mashine ilipita saa 8 za Prime95, programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzito, kwa jaribio la Blend, na ilirenda harusi nzima jioni bila ya kuzimika. Fundi mwenye haraka angefunga kasha hapo, akasema ovakloki ndiyo iliyokuwa ikiua, kwisha. Lakini vifo vya namba 0 vilikuwa bado havijapata maelezo, na ovakloki mbaya mara nyingi huacha alama ya 292 au WHEA (kosa la vifaa lililoandikwa na Windows) kabla ya kufa. Zile 6 hazikuacha chochote.

UPS

Kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi kilitoa jibu. Mashine pamoja na skrini yake, ikirenda katika hali ya kiwandani, ilikula wati 318. Ikarudishwa kwenye 4.9 GHz kwa muda: wati 366. UPS ya VA 650 imeandikwa ubavuni, kwa herufi ndogo, wati 360. Namba kubwa ya VA ndiyo inayouza. Ya wati ndiyo inayobeba.

Umeme wa ukutani ukiwa mzuri, UPS ya aina hii huupitisha tu, na wati 366 zinapita kwa kulalamika kidogo. Shida huja inapolazimika kuhamia betri. Ilipofika saa 12 na nusu jioni, friza ya barafu iliyochomekwa kwenye waya ule ule wa nyongeza iliwasha kompresa yake. Taa ya chumba ilififia kwa kiasi cha kupepesa jicho. UPS ikasikika "tik", ikahamia betri, ikakuta mzigo uliozidi uwezo wake, ikakata. Skrini nyeusi, feni zikasimama, BugcheckCode 0. Katika hali ya kiwandani tukio lile lile lilitokea, "tik" ikasikika, na kazi ikaendelea, kwa sababu wati 318 zimo ndani ya uwezo. Ndiyo maana kurudi kiwandani kulionekana kumeponya kila kitu.

Friza ilipewa soketi yake ya ukutani, mbali na waya wa nyongeza. Skrini ilihamishiwa kwenye tundu la UPS lisilotumia betri. UPS ya kufaa mzigo huu ni ya wati 600, yaani takriban VA 1000, na iliagizwa. Hadi ifike, mashine ibaki chini ya wati 340. Kikomo hicho kilikuja kuamua mengi huko mbele.

Joto

Kasha lilikuwa chini ya meza, na meza ilikuwa na kitambaa kinachofika sakafuni. Hitisinki ilipoangaliwa kwa tochi kutoka upande wa feni, mapezi hayakuonekana. Vumbi la mwambao halikai kama la bara: linashikana na unyevu wa chumvi likawa tabaka laini kama sufi iliyolowa, na ukilipuliza kwa mdomo halitoki. Feni ilitolewa, mapezi yakasuguliwa kwa brashi kavu ya rangi ya inchi 1, tabaka likang'oka kwa vipande. Usitie maji. Feni yenyewe ishikwe kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza.

Pesti ya joto kati ya prosesa na hitisinki ilikuwa imekauka, inabanduka kama gamba. Ilisafishwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi, ikawekwa mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi katikati. Skrubu za hitisinki zikazwe kwa msalaba, zamu kwa zamu, nusu mzunguko kila mara. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, pesti hukimbilia upande wa pili.

Kabla ya usafi, kwa 4.9 GHz kori ya moto zaidi ilisoma digrii 98 ndani ya dakika 12, digrii 2 tu chini ya kikomo cha 100 ambapo prosesa hii huanza kujipunguza mwendo. Baada ya usafi na kitambaa cha meza kufungwa juu: 88. Bado ilianguka kwa 0x124, ila sasa ilichukua dakika 50. Hii ni habari muhimu. Joto lilikuwa linachangia, halikuwa asili.

Linachangia vipi? Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii 1, na umeme unaovuja ndani ya transista huongezeka nao. Mwendo ule ule unahitaji volti zaidi prosesa ikiwa moto kuliko ikiwa baridi. Na hitisinki haipozi chini ya hewa iliyopo chumbani. Inachofanya ni kuweka tofauti fulani juu yake. Mtu aliyeonesha namba zake akiwa kwenye chumba cha digrii 21, prosesa ikisoma 77, mashine yake ile ile ukiileta Chake Chake kwenye digrii 32 itasoma 88 au zaidi. Namba zilizokuja na kompyuta hii huenda zilikuwa sahihi huko zilikotoka. Hata hapa zilikuwa sahihi wakati wa Kusi.

RAM

Madabodi ina nafasi 4. Vijiti viwili vilikuwa katika nafasi ya 1 na ya 3 kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Hapo ndipo mwenyewe alipovihamishia. Mwanzo vilikuwa ya 2 na ya 4, kama kitabu cha madabodi kinavyoagiza. Watu wengi hudhani ni hiari. Kwenye bodi nyingi za aina hii nyaya za kila mkondo hupita nafasi ya kwanza na kuishia ya pili. Kijiti kikikaa ya kwanza, kipande cha waya kinachoendelea mbele yake hakina kitu mwishoni, ishara hugonga pale na kurudi. Kwa mwendo wa RAM wa 2133 hakuna atakayejua. Kwa 3200 ni makosa.

MemTest86, programu ya kupima RAM, kwa 3200, vijiti vikiwa nafasi ya 1 na ya 3: makosa yalianza kuonekana baada ya dakika 40. Kwa 2133, nafasi hizo hizo: mizunguko 4 safi. Vikarudishwa ya 2 na ya 4, 3200: mizunguko 4 safi. Vijiti ni vizima, na kama ungenunua vipya ungetupa fedha.

Likabaki jambo moja la kurekebisha upande huu. XMP ikiwashwa na volti nyengine zikiachwa Auto, bodi ilikuwa inapeleka 1.28 kwenye VCCSA na 1.24 kwenye VCCIO, volti za sehemu za prosesa zinazohudumia RAM, ambazo kwa asili ni 1.05 na 0.95. Kwa 3200 hazihitajiki kiasi hicho. Ziliwekwa kwa mkono 1.12 na 1.10, MemTest86 ikarudiwa, ikapita.

Kori zenyewe

Sasa tu, baada ya umeme, joto na RAM kutoka njiani, ndipo ilipofaa kuligusa kosa la asili. Na volti bado zilikuwa za mwisho kwenye orodha.

BIOS ilikuwa imefunga 1.36, lakini HWiNFO wakati wa kurenda ilisoma 1.26. Volti 0.10 zilikuwa zinapotea mzigo unapoingia. Huo ndio mshuko wa kawaida, na kinachoudhibiti ni Load-Line Calibration (LLC), mpangilio wa ndani ya BIOS. Hapa ilikuwa Auto, yaani dhaifu. Tahadhari mbili. Kwa baadhi ya watengenezaji namba kubwa ndiyo kali, kwa wengine 1 ndiyo kali zaidi. Usikisie, badilisha hatua moja, pima, ndipo ujue inaelekea wapi. Ya pili, usichague kali kuliko zote: mzigo unapotoka ghafla volti huruka juu ya ulichoweka kwa muda mfupi ambao HWiNFO haiwezi kuuona. Ya kati ndiyo iliyowekwa.

Halafu AVX. Hizi ni amri za prosesa zinazofanya hesabu nyingi kwa mkupuo mmoja, na programu za kubana video huzitumia sana. Zinavuta umeme mwingi kuliko kazi ya kawaida kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana mwenyewe alikuwa akisema, na alisema kweli, kwamba michezo inakwenda saa 3 bila ya tatizo lakini harusi ya saa 1 haimaliziki. Prime95 toleo la 26.6 halina AVX, matoleo mapya yanayo. Kujaribu kwa yote mawili kunakuonesha kori zinashindwa wapi. Kwa 4.9 GHz bila ya AVX ilipita saa 2. Kwa AVX, jaribio la Small FFT, mfanyakazi mmoja (thredi moja ya jaribio) alisimama dakika ya 6 na maneno "Rounding was 0.5, expected less than 0.4", wengine wakaendelea. Jaribio liliporudiwa alisimama yule yule. Kori moja ni dhaifu kuliko nyengine, na mwendo wa zote hupimwa kwa hiyo.

Kulikuwa na njia mbili: kuinua volti mpaka kori ile iridhike, au kushusha mwendo. Hesabu ndiyo iamue. Umeme wa prosesa hufuata mwendo mara volti mara volti. Kutoka 4.3 GHz kwa 1.15 hadi 4.9 kwa 1.26, mwendo umepanda asilimia 14, umeme umepanda asilimia 37. Ukiongeza volti tena kwa ajili ya kori moja, unapita kikomo cha UPS na unarudi kwenye digrii 95. Kwa mashine hii, katika chumba hiki, 1.40 ilikuwa ushauri mbaya kabisa.

Utaratibu uliotumika: volti 1.26 zimefungwa, LLC ya kati, kizidishi 45 kwa kori zote, kisha kupanda hatua moja baada ya nyengine. Kila hatua Cinebench R20 (jaribio la kasi ya prosesa) mara 3, halafu Prime95 bila ya AVX dakika 20, halafu yenye AVX dakika 20, huku HWiNFO ikiwa wazi kwenye mstari wa makosa ya WHEA. Mstari huo ukisoma hata 1, hatua imeshindwa ingawa mashine inakwenda. Ni kosa lililorekebishwa leo, kesho halitarekebishika. 45 na 46 zilipita zote. 47 ilipita bila ya AVX. Yenye AVX ilitoa WHEA 2 dakika ya 14. 48 ilianguka. Ikawekwa 47 na AVX offset 2, yaani kazi za AVX zinakwenda 4.5 GHz na nyengine 4.7.

Chini ya mzigo volti zikasoma 1.22, joto 82, wati 315 bila ya skrini. Kazi iliyokuwa ichukue dakika 45 kwa 4.9 inachukua 49. Hizo dakika 4 ndizo zote zilizopotea, na kwa 4.9 kazi hiyo ilikuwa haifiki mwisho.

Majaribio ya mwisho, na hasara ya pili ya Windows

Jaribio la alfajiri dirisha likiwa wazi halina maana kwa mashine inayofanya kazi adhuhuri. Lilifanywa saa 8 mchana, pangaboi limezimwa, kwa kurenda mradi halisi wa harusi mara 3 mfululizo, kisha Blend ya muda wa saa 8 usiku. WHEA 0. Baadaye ikaachwa bila ya kazi saa 2, ikalazwa na kuamshwa mara 5, kwani ovakloki nyengine hufia mashine inapopumzika na volti zinapobadilika.

Kuna kazi moja ambayo wengi huisahau. Windows ile iliwekwa juu ya mashine iliyokuwa ikikosea hesabu, na baadaye ikatumika wiki nzima RAM ikiwa na makosa. Faili lolote lililoandikwa kipindi hicho linaweza kuwa limeharibika kimya kimya. Amri ya Windows ya sfc /scannow ilikuta mafaili ya mfumo yaliyoharibika, ikayarekebisha. Chkdsk, ya kukagua diski, ikaendeshwa baada ya kuzimika kule kwa ghafla. Video za wateja za wiki hizo zilinakiliwa upya kutoka kwenye kadi za kamera ambazo zilikuwa bado hazijafutwa, na nakala za akiba za kipindi hicho zikatupwa. Kadi mbili zilikuwa zimeshafutwa, na harusi moja ilibaki na vipande vya kijani dakika ya 31.

Ndani ya mlango wa kasha ilibandikwa karatasi: kizidishi 47, AVX −2, volti 1.26, LLC ya kati, VCCSA 1.12, VCCIO 1.10, RAM 3200 nafasi ya 2 na 4, Multi-Core Enhancement imezimwa, vumbi kila miezi 3. Betri ya madabodi ikifa siku moja, BIOS itasahau yote hayo.